Nusu ya Uwanja, Nusu ya Pipi

Middelveld, Iowa
14 Novemba 1956

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, Baba mdogo Klaas na mkewe Trudy hawajambo, na machungwa yote ya California hayajambo, maana kwa barua yako iliyopita naona hayo ndiyo ndugu zako sasa. Ukurasa mzima machungwa! Sisi huku tunaendelea. Theluji imetuwahi mwaka huu. Baba hajambo, ingawa haongei. Ukitaka habari zake waulize ng'ombe, ndio anaowasimulia. Tangu uondoke Septemba hajakosa kukamua hata mara moja, asubuhi wala jioni. Mimi nakamua upande wa dirishani, yeye upande wa mlangoni, na Saartje bado anampiga teke kila asiyempenda, yaani mimi na dunia nzima isipokuwa Baba.

Koti lako la bandani bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Juzi baridi ilinizidi, nikataka kulivaa, Baba akasema, "Liache." Nikamwuliza linamsubiri nani. Akasema lina harufu wanayoijua ng'ombe, liache hapo hapo. Haya, nikatetemeka na adabu zangu.

Sasa habari yenyewe. Kocha Veldhuis ametangaza timu, na mimi nimepangwa ulinzi tena. Nilimwomba mwaka huu anijaribu kwenye ufungaji. Akacheka, akasema, "Marlys, Mungu amekupa mikono mirefu ya kunyang'anya watu mipira. Usimkosoe." Kwa hiyo Dorla atafunga, picha ya Dorla itatoka gazetini, nami nitakaa kwenye nusu yangu ya uwanja nikitazama mgongo wake kwa mbali. Sijali.

Mchezo wa kwanza ni Ijumaa. Baba hatakuja, ana ng'ombe. Mwaka jana hakuja, mwaka juzi hakuja. Hilo nalo sijali, nimelitaja tu kwa kuwa karatasi bado ilikuwa na nafasi.

Mjukuu wako asiyejali,
Marlys


Bellflower, California
3 Desemba 1956

Mjukuu wangu Marlys,

Marahaba. Sisi sote wazima. Klaas ananenepa, na Trudy anamsaidia kwa moyo wote. Kifua changu kimepoa kidogo, usiku nakohoa mara moja moja kwa kukumbushia tu. Ng'ombe wa huku wanasimama mavumbini mwaka mzima, nyasi wanazisikia kwa jina. Nikipita wananitazama kwa huruma, nami nawatazama hivyo hivyo.

Kanisani ni Waholanzi kama sisi, lakini Marlys, hawa watu wameharibika! Wanaanza kula pipi ya pepeminti kabla mchungaji hajafungua hata andiko. Na kila mtu anakula nzima. Hakuna anayekata kwa meno akampa wa pembeni yake nusu. Jumapili ya pili nilimkatia mtoto wa jirani nusu, mama yake akaifuta kwa leso mbele yangu. Nikanyamaza, mimi ni mgeni. Pipi zangu mwenyewe zilikwisha siku ile ile ya kuondoka. Ya mwisho ilikuwa kwenye mfuko wa koti la bandani. Niliikata, nikampa baba yako nusu pale mlangoni, akaikataa. Akasema, "Kula mwenyewe, Mama, safari ni ndefu." Yeye ndiye aliyenifukuza, yeye na yule daktari wake, eti baridi itaniua. Nikaila yote kwa hasira.

Tuje kwako. Umeandika "sijali" mara mbili, halafu ukaitia na kwenye saini isipotee. Kisebusebu na kiroho papo! Mimi nimekulea tangu mama yako afariki, unadhani sikujui? Ulipokuwa mdogo ulisema hujali keki, huku umeshika sahani.

Jirani mmoja hapa, mama anayefuga kasuku, aliniuliza mjukuu wangu anapenda nini. Nikamwambia mpira wa kikapu. Akashangaa, kwao wasichana kazi yao kuwashangilia wavulana. Nikamweleza: kwetu Iowa wasichana wanacheza sita kwa sita. Watatu wafungaji, wanakaa nusu ile. Watatu walinzi, wanakaa nusu hii. Mstari wa kati hauvukwi, ukivuka ni filimbi, na mpira haudundwi zaidi ya mara mbili. Mlinzi akiupata mpira anaufikisha kwenye mstari, anamkabidhi mfungaji, basi. Akauliza, "Kwa hiyo mlinzi hafungi kamwe?" Nikasema kamwe. "Sasa anacheza nini?" Nikamwambia, "Anawanyima wenzake raha. Na mimi enzi zangu, na sketi mpaka vifundoni, nilikuwa bingwa wa kazi hiyo." Tangu siku hiyo ananisalimia akiwa kwake.

Baba yako usimhukumu haraka. Gerrit ni mwanangu, namjua. Mikono yake hajui pa kuiweka kama haina ndoo.

Wako mwenye machungwa,
Bibi Aukje


Middelveld, Iowa
22 Januari 1957

Bibi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Machungwa uliyotuma kwa Krismasi yalifika. Baba alikula moja amesimama, akasema ni tamu, kisha akasema ni mbali sana kutoka yanakotoka. Sikujua anazungumzia chungwa au nani. Ndama wawili wamezaliwa, wote majike. Mchungaji ana mafua, mahubiri yamekuwa mafupi, watu wanamwombea lakini si kwa haraka.

Tunashinda, Bibi. Hatujafungwa hata mchezo mmoja. Dorla anafunga mpaka wanaoandika matokeo wanalalamika mkono. Na mimi, ngoja nijisifu kwa kuwa uko mbali huwezi kunifinya, mimi nawanyang'anya mpira mpaka wasichana wa watu wanalia. Mmoja aliniambia, "Dada, hebu niachie hata mmoja, nyanya yangu amekuja kunitazama." Nilimwonea huruma. Sikumwachia.

Sasa sikiliza. Kabla ya Krismasi jirani yetu Harm alijitolea kutukamulia jioni moja ili Baba aje mchezoni. Baba alikubali! Alioga, akavaa kofia yake ya kanisani, akafika mpaka mlangoni. Ndipo tukasikia kishindo bandani. Saartje alikuwa amemtupa Harm kwenye mfereji wa mavi, ndoo juu yake. Mpaka leo Harm anatembea kwa upande. Baba akavua kofia, akaiweka mezani taratibu, akavaa magwanda.

Nikamwambia, "Baba, wakichelewa kukamuliwa kidogo hawatakufa." Akajibu bila kunitazama, "Mlinzi hafungi. Kuna nini cha kutazama?"

Nilicheka, Bibi. Nilicheka kabisa. Halafu baada ya mchezo nikarudi nikajificha ubavuni mwa ng'ombe wa dirishani, nikalia. Yeye alikuwa upande wake wa mlangoni, sijui kama alisikia. Si lazima unijibu hili.

Marlys


Bellflower, California
19 Februari 1957

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, nilikuwa na shughuli. Usiulize shughuli gani, mtu mzima naye ana mambo yake. Klaas hajambo, Trudy hajambo, ila siku hizi wamenuna, nitakueleza siku nyingine. Kasuku wa jirani amejifunza kukohoa kama mimi.

Nijibu haya upesi. Saartje bado anageuza kichwa kushoto kabla ya kupiga teke, au amebadili? Komeo la mlango wa banda lilitengenezwa? Koti langu bado liko msumarini? Na mkifika Des Moines kwenye mashindano ya jimbo, nusu fainali inaangukia siku gani?

Usianze kuniambia eti huenda msifike. Mtafika. Mimi sikukulea ili uishie robo fainali.

La baba yako umesema si lazima nijibu. Sijibu.

Bibi


Des Moines
Alhamisi, 7 Machi 1957

Bibi,

Shikamoo. Nilijibu maswali yako yote siku ile ile, na tangu hapo kimya! Sina hata mstari mmoja kutoka kwako. Kama umekasirika niambie, kama unaumwa Baba mdogo Klaas angeandika, na kama umeolewa na mwenye machungwa basi hongera.

Tumefika. Tumeshinda mchezo wa kwanza, na leo mchana tumeshinda robo fainali. Kesho jioni ni nusu fainali, na tunacheza na Prairie Hill. Wana mfungaji mmoja mrefu anaitwa LaDonna. Kocha ameniambia, "Huyo ni wako," kama mtu anayenigawia zawadi. Ukumbi huu, Bibi, ukitazama juu huoni mwisho wa watu. Middelveld yote imehamia hapa. Duka limefungwa, benki imefungwa. Mchungaji ameandika kwenye mlango wa kanisa kwamba maombi ya katikati ya wiki yatafanyika Des Moines, ngazi za juu, upande wa kushoto. Kule nyumbani wamebaki ng'ombe, Harm na kiuno chake, na Baba.

Asubuhi ya kuondoka Baba alinileta kwenye basi. Wazazi wa wenzangu wote walikuwa wanapanda magari yao, wanapiga honi. Baba akashika begi langu muda mrefu kama anataka kulipima uzito. Mwisho akasema, "Usijikwae." Ndiyo baraka yangu hiyo.

Haya, nitaisema, kwa kuwa uko mbali hutaona uso wangu. Ninajali. Nimejali tangu mwaka wa kwanza. Kila nikiingia uwanjani natazama ngazi za juu karibu na mlango, maana najua kama angekuja angekaa karibu na mlango. Nataka aone mara moja tu. Hata tukishindwa. Ukimwambia nimesema hivi nitakana.

Marlys


Des Moines
Jumamosi asubuhi, 9 Machi 1957

Kwa Bibi Aukje Tolsma, BANDANI, Middelveld, Iowa

Bibi mwongo,

Shikamoo! Anwani hiyo nimeiandika kwa makusudi. Kumbe barua yangu ya juzi inakwenda California kumtafuta mtu ambaye amekwisha kuondoka. Trudy ataisoma, atajua siri zangu zote. Utanilipa.

Ngoja nikueleze kama ilivyokuwa. Nusu ya kwanza sikuona mtu. Nilitazama karibu na mlango, nikaona wageni. LaDonna ana mikono kama matawi, alinipita mara nne, nikamkamata mara tano. Tulikwenda mapumziko tukiwa mbele kidogo. Tunaelekea chumbani, nasikia watu huko juu wanalalamika, "We mzee, miguu yetu!" Nikainua macho. Kofia ya kanisani. Baba yangu, Bibi! Anashuka kwenye ngazi, anawakanyaga watu vidole, anasema samahani kwa kila mmoja, ananuka ng'ombe mpaka wanampisha bila kuombwa.

Akafika kwenye uzio. Nikasema, "Baba! Nani anakamua?"

Akasema, "Anayejua."

Akanipa kikaratasi kilichosokotwa. Ndani mlikuwa na pipi ya pepeminti. Nusu. Na pale ilipokatwa kulikuwa na alama ya meno yenye pengo katikati. Ni mtu mmoja tu duniani mwenye pengo lile na tabia ile. Nilisimama pale pale, Kocha ananiita, siwezi kwenda. Baba akasema, "Kaja na treni. Kaniambia, ondoka hapo." Halafu akasema, "Kula, watakuita." Nikaitia mdomoni nikalia mbele ya watu wote wa Prairie Hill. Walidhani naogopa.

Sasa robo ya tatu. Nilimnyang'anya LaDonna mpira safi kabisa, mikono ikiwa juu ya kichwa chake. Nikadunda mara moja, mara ya pili, mstari wa kati huu hapa, na Dorla ng'ambo ananyoosha mikono. Ndipo sauti ikatoka juu karibu na mlango:

"FUNGA, MARLYS! FUNGA MWENYEWE!"

Baba! Mtu aliyezaliwa Iowa, mwana wa mlinzi, baba wa mlinzi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Refa alicheka. LaDonna alicheka. Na mimi, Bibi, sijui nilipatwa na nini, nilisikia jina langu kwa sauti ile, mguu ukaenda wenyewe. Nikavuka mstari. Mimi, ambaye sijavuka tangu nianze kucheza! Filimbi. Mpira wakapewa wao, LaDonna akafunga. Kocha akakaa chini akafunika uso na taulo.

Tumefungwa kwa pointi moja. Hamsini na nane kwa hamsini na saba. Dorla alilia, mimi nililia, nikawaomba wenzangu radhi mmoja mmoja. Dorla akasema, "Baba yako angenyamaza tungekuwa fainali." Kisha akafuta pua, akasema, "Wangu hajawahi kuniita kwa sauti kubwa hivyo."

Nje Baba alikuwa anazungusha kofia mikononi. Akasema, "Ni mimi niliyewafungisha." Nikamwambia, "Ndiyo, ni wewe." Akasema tena, nikakubali tena. Nikamwambia adhabu yake ni kuja mchezo wa kwanza wa mwakani na kukaa kimya. Akafikiri sana, akasema, "Kuja nitakuja."

Leo jioni tunagombea nafasi ya tatu, na amesema atabaki kama wewe utaruhusu. Kesho Jumapili hatusafiri, tutakuwa nyumbani Jumatatu. Ameniuliza pia, akitazama pembeni, kama najua unarudi lini California. Nimemwambia amwulize mamake.

Mjukuu wako anayejali,
Marlys


Middelveld, bandani
Jumamosi, 9 Machi 1957

Mjukuu wangu,

Hii siitumi kwa posta, posta haina haraka. Nitaiweka chini ya sahani yako, uikute Jumatatu wakati mimi niko kwa ng'ombe.

Sisi huku wazima. Saartje hajambo, bado anageuza kichwa kushoto kabla ya teke, nilimwahi kwa kofi la paja tukaelewana. Komeo la mlango halijatengenezwa, kama nilivyojua. Kifua kinakohoa, lakini kinakohoa kwao. Klaas na Trudy walinuna kwa sababu niliwaambia naondoka, wakasema kizee kimeingiwa na wazimu, nikawaambia kizee kina mchezo wa kwenda. Huyo kasuku ameniaga kwa kukohoa.

Jana asubuhi nilimkuta baba yako anakamua. Nikavaa koti langu, nikachukua kigoda, nikamwambia, "Ondoka hapo." Alisimama na ndoo kama ameona mzimu. "Mama! Kifua chako!" Nikamwambia, "Kifua changu nimekuja nacho. Kofia yako iko wapi?" Akaanza: Saartje hivi, yule mwenye ndama vile, na maziwa lori linayafuata saa ngapi. Nikasema, "Gerrit, nani alikufundisha kukamua?" Akashusha ndoo. Nikamwambia, "Kuna nini cha kutazama, mlinzi hafungi. Nenda ukaone hicho kisichokuwepo." Akageuka mwekundu mpaka shingoni. Ndiyo, nilimwambia. Ulisema si lazima nikujibu wewe, hukusema nisimjibu yeye.

Mchezo nimeusikiliza hapa hapa kwenye redio, juu ya gunia la pumba. Mtangazaji akasema, "Kuna bwana mmoja huko juu anamtaka mlinzi afunge!" Ile sauti niliijua, niliizaa mwenyewe. Nilicheka mpaka Saartje akaipiga ndoo teke, yote ikamwagika. Halafu nikasikia umevuka mstari. Aibu gani hii, ukoo wetu haujawahi! Usiwaambie watu wewe ni mjukuu wangu. Waambie wewe ni binti wa Gerrit tu, inatosha, nao wataelewa.

Leo asubuhi kanipigia simu kutoka Des Moines, anapiga kelele kama anaita toka shambani. Kauliza habari za kila ng'ombe kwa jina. Nimemwambia abaki mpaka mwisho. Ndipo akauliza, "Mama, kwa Klaas unarudi lini?"

Sikumjibu, nilikuwa nimeshika kitu mkononi. Wewe nitakueleza, yeye utamweleza ukiona inafaa. Unakumbuka nilikuandikia kwamba pipi ya mwisho ya koti hili niliila siku ya kuondoka, na nusu yake akaikataa? Jana nilipolivaa nikatia mkono mfukoni. Nikakuta pakiti ya pepeminti, mpya, imefunguliwa. Wewe hukuruhusiwa hata kuligusa koti. Pipi nzima zilibaki chache, na moja ya hizo ndiyo niliyokukatia. Chini yake zilikuwa nusu tupu, Marlys, zimekatwa kwa meno, zimejaa mfuko mpaka zimegandana na nyuzi. Majira yote haya ya baridi mtu amekuwa akikamua asubuhi na jioni, anakata pipi, anakula nusu yake, na nusu ya pili anairudisha mfukoni mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na ng'ombe waliona.

Kwa hiyo sirudi kwa Klaas. Supu ya njegere iko jikoni, ipashe moto, mkatie baba yako na mkate. Akikuuliza niko wapi mwambie niko bandani namalizia zile nusu, na bado ni nyingi.

Bibi yako